Juma Nililomupita Vénantie

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa kumi

Kuanzia leo mimi ni muntu mupya. Kila juma: ukurasa mumoja wa blogu, kitabu kimoja, sipor ya kukimbia kila asubuhi, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, hapana. Nimekwisha kusema. Mke wangu Naomie alisikia, akauliza kama ile kasiksi iliyobaki mu kidumu aimwage. Nikamwambia asiwe na haraka, juma ndio kwanza inaanza.

Sababu ya haya yote ni blogu yetu, Barza ya Mupaka. Mimi njo niliyeianzisha hapa Kashebere, ili watu wa Masisi na wa Walikale wasome habari zao wenyewe. Mimi njo niliyeweka sheria: kila mwandishi ukurasa mumoja kwa juma, mambo ya kweli tupu, na uingie mbele ya jua la siku ya posho, siku ya sita, kuzama. Anayekosa mara tatu mufululizo anatoka, jina lake linafutwa. Sheria nzuri sana. Niliziweka kwa ajili ya wavivu.

Sasa nimekosa mara mbili.

Mwalimu Valérie, anayesimamia blogu, alinipitia leo kunikumbusha. Kwa upole wote. Akasema itamuuma kufuta jina la mwanzilishi. Na mimi je? Jina langu liko juu kabisa, Isidore, kwa herufi nene. Binti yetu Falone anasoma Goma, anawaonyesha wenzake: huyu ni papa yangu. Siwezi kufutwa. Afadhali waniondolee jino.

Sipor nitaanza kesho. Leo kulikuwa na matope.

Siku ya pili, tarehe 7

Nimeamua kumuchunguza Vénantie.

Tulisoma naye darasa moja ku sekondari. Jamaa yake ni wafugaji wa huko juu Masisi. Aliolewa huku, akashuka na ng'ombe zake, na kila asubuhi anapita na bidoni za maziwa nyumba kwa nyumba. Juu ya hayo yote anaandika. Hajakosa juma hata moja tangu blogu izaliwe. Anasoma vitabu vya parokia mpaka padri amechoka kumutafutia vingine. Na ngozi yake inang'aa, hata muntu mwenye wivu lazima akubali. Nimekubali.

Kurasa zake zinasomwa mpaka Rubaya. Juma iliyopita aliandika habari ya wabebaji wanaoshuka vilima na mizigo ya koltani mugongoni. Naomie alikuwa anasoma, sombe ikaungua mu sufuria. Mimi nilikula sombe hiyo nikisoma pia, sikujua kama imeungua. Ukurasa ulikuwa muzuri vile. Na uliniuma vile.

Basi nikamungojea kwenye mulango, nikamwomba siri yake. Akacheka. Akasema siri haiko. Mistari michache mbele ya kukamua, kurasa chache za kitabu wakati ng'ombe zinakula, miguu yake njo sipor yake, na giza likiingia analala. "Papa Falone, njo ile tu."

Njo ile tu! Muntu anaficha dhahabu halafu anasema ni mchanga. Lakini macho yangu hayakulala. Nilimuona akijimiminia kikombe cha mashanza, yale maziwa yaliyoganda, akakimaliza amesimama, akapangusa mudomo na kuendelea na njia. Siri hii hapa. Nimenunua bidoni nzima.

Siku ya tatu, tarehe 8

Mashanza si siri. Ao ni siri, lakini haikuumbwa kwa tumbo la muntu wa pori la Walikale.

Naomie aliniangalia nikienda chooni na kurudi, kwenda na kurudi, akasema sasa ameona sipor yangu, na kweli ninakimbia vizuri. Bibi wa kicheko hivi mulimupata wapi, ninyi wakwe zangu?

Kwa sababu tumbo liliniibia asubuhi, nikagundua njia ya mukato: kusoma na kutembea pamoja. Kitabu mukononi, miguu barabarani, mambo mawili kwa bei ya moja. Nilichukua kitabu cha ufugaji wa nyuki, kutoka maktaba ya parokia. Ukurasa wa kwanza ulienda vizuri. Nimejifunza kwamba malkia wa nyuki hatoki nyumbani ovyo. Mu ukurasa wa pili nilikuwa ndani ya mutaro.

Aliyenitoa ni Papa Athanase. Kati ya watu wote! Athanase njo kapita, musimamizi wa salongo, ile kazi ya wote ya kutengeneza barabara kila siku ya posho asubuhi. Mimi siendi salongo. Tangu mvua za mwaka huu nilimwambia nina ugonjwa wa mugongo. Alipokuwa ananivuta nikashika tumbo, halafu nikakumbuka, nikashusha mukono nyuma. Akanihurumia sana. Akasema nisifikirie salongo kabisa, nibaki nyumbani mpaka Mungu aniponye.

Muntu muzuri, Athanase. Mikono kama majembe, roho kama ya mutoto. Barabara hii ingekuwa imekwisha kumezwa na matope kama si yeye. Nilimushukuru kwa sauti ya mugonjwa.

Siku ya ine, tarehe 9

Nimepumzika. Mipango nayo inachoka.

Vénantie alipita na maziwa, akaniambia ukurasa wake umekwisha, uko mu telefone, ataupeleka siku ya posho baada ya salongo kama kawaida yake. Nikamupongeza. Ilitoka moyoni, karibu yote.

Siku ya tano, tarehe 10

Kesho njo mwisho. Mpaka saa ya chakula sikuwa na hata mustari mumoja. Nilikaa mbele ya telefone, kuku akapita, nikamuangalia kuku. Naomie akapita, akasema kuku yule anajua kazi yake.

Halafu ikaja. Watu wanapenda kusoma nini? Afya. Wanampenda Vénantie kwa nini? Kwa sababu anaweza yote kwa mara moja. Basi nami nitaandika namna ninavyoweza yote kwa mara moja. Vidole vikakimbia vyenyewe.

Nimeandika kwamba kila alfajiri ninapanda kilima kilicho nyuma ya shule nikikimbia, na jiwe ku kila bega. Kwamba ninamaliza kitabu mbele ya uji. Kwamba sijui tena kasiksi ina ladha gani. Kwamba mugongo wangu umekuwa chuma cha daraja, na mwenye kutaka aje aujaribu. Nilipofika hapo nilijipenda sana.

Je, ni kweli? Itakuwa kweli juma ijayo. Nimeitanguliza tu.

Nikapanda mpaka ukuta wa shule, pale rezo ya telefone inaposhika. Polepole, na kupumzika mara nyingi. Nikautuma. Siku nzima mbele ya wakati! Hata Vénantie hajawahi kutuma siku ya tano. Nilirudi nikiimba, nikasherehekea na ile ya mu kidumu.

Siku ya posho, tarehe 11

Ninaandika mu daftari kwa vidole viwili, vile vya mwisho. Vingine vimekufa.

Asubuhi nilikuwa kitandani na mugongo wangu, ninakula ndizi ya kukaanga. Watu wa salongo walikuwa wanangojea wenzao waliochelewa, ku ukuta wa shule, pale pale penye rezo. Kwa kungojea wakafungua telefone. Mwalimu Valérie akaona ukurasa wangu, akafurahi kwa ajili yangu, maskini, akawasomea wote kwa sauti. Yeye hajui habari ya mugongo. Athanase anaijua.

Ninaambiwa Athanase hakukasirika. Alivua kofia, akasema Mungu ni mukubwa, Papa Falone amepona.

Wakaja kunichukua wakiimba. Kundi zima, kwa furaha ya kweli, na kitunga chenye kamba ya kichwani. Athanase akanikumbatia mbele ya mulango na ndizi yangu bado mudomoni. Akasema kuna mawe mutoni, yanapaswa kupanda mpaka barabarani, na walikuwa wanakosa muntu wa nguvu. Nikamtazama Naomie aniokoe. Naomie akaenda kuniletea viatu.

Mawe! Kamba inakaza paji la uso, shingo inaingia ndani, magoti yanaongea. Kila nikifika juu Athanase anawaambia wengine waangalie, huyu alikuwa mugonjwa. Baada ya safari kadhaa nilipanda kwa mikono na magoti, nikishikilia nyasi na mawe, mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Vénantie alikuwa kwenye mustari wa majembe, analima mutaro kwa mwendo mumoja, wala haraka wala kusimama. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anaomba. Kumbe anatunga.

Saa ya kupumzika nikaanguka karibu na miguu ya Athanase. Nikamwambia kweli. Si kwa utakatifu, kwa magoti. Nikamwambia mugongo haukuwa na ugonjwa, na kilima sijawahi kukimbia. Alivua kofia tena. Halafu akasema yeye kila jioni aliomba kwa ajili ya mugongo ule. Ile iliniumiza kuliko mawe. Akanipa maji yake mwenyewe, akaniambia safari za mwisho tutabeba wawili. Na alibeba upande muzito. Muntu kama huyu anapatikana wapi tena?

Lakini Valérie alikuwa amesikia. Akaja, uso chini, akasema ukurasa wa uongo hauhesabiwi, ni sheria. Nikauliza ni mupumbavu gani aliyeweka sheria ile. Wakaniangalia wote.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Telefone yangu ilikufa asubuhi kwa sababu niliilalia ikiwaka, nikingoja sifa. Vidole vimechunika. Nilikaa juu ya jiwe, mojawapo ya yale niliyopandisha, nikamfikiria Falone anawaonyesha wenzake mahali ambapo jina halipo tena. Macho yakajaa. Nasema wazi, nililia.

Vénantie akaacha jembe, akaja kukaa karibu, akafungua telefone yake. Akasema ukurasa wangu ulikuwa uongo mutupu, isipokuwa mustari mumoja, pale nilipoandika kwamba ukungu unaondoka kwenye mashamba ya upande wa Kibua polepole kama mama anayemufunua mutoto aliyelala. Akasema ule aliusoma mara mbili, na yeye hangeuweza. Halafu akasema: "Semaka, miye niandike."

Nikasema. Ndizi, kitunga, kamba, magoti, maombi ya Athanase, yote. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko mudomo wangu. Nikidanganya kidogo ananiangalia, ninarudi nyuma. Rezo inaenda, inarudi. Akasimama juu ya ukuta wa shule na telefone juu ya kichwa. Ikaingia. Jua lilikuwa limebaki ukucha. Valérie akapiga makofi, Athanase akaniinua juu na mugongo ukalia kweli.

Jina langu liko. Herufi nene.

Siku ya Yenga, tarehe 12

Utukufu. Mbele ya kanisa watu walinizunguka. Wengine wamesoma ukurasa wangu mara nyingi, wanataja mistari kwa kichwa. Falone alipiga simu kutoka Goma, alicheka mpaka akakohoa, akasema hajawahi kusoma kitu kizuri vile kutoka kwangu. Athanase ananiita Papa Mugongo na kunishika bega. Ninakubali yote kwa unyenyekevu.

Halafu Naomie, wakati tunarudi, akaniuliza kama nimesoma ukurasa wa Vénantie. Nikasema bado. Akasema hutausoma, kwa sababu haupo. Jana bateri ya Vénantie ilikuwa imebaki kidole. Ukurasa wake ulikuwa tayari ndani tangu siku ya ine, na bateri ile ilitosha kupitisha mumoja tu. Akapitisha wangu. Telefone ikazima. Hakumwambia muntu. Valérie njo aliyeona leo kwamba kwa mara ya kwanza jina la Vénantie halina kitu chini yake, akaenda kumuuliza.

Nilisimama katikati ya barabara. Kurasa zote hizo bila kukosa, akazikata kwa ajili yangu, akashuka kwenda kukamua bila neno. Nimejua watu wengi wema, lakini muntu kama Vénantie sijaona. Nilimwambia Naomie hivyo. Naomie akanishika mukono, jambo ambalo hafanyi barabarani.

Nimeitafakari habari hii mchana kutwa, kwa heshima kubwa. Na nikiitazama vizuri, inasema hivi: juma hii mimi nimeandika, Vénantie hajaandika. Tangu sekondari, njo mara ya kwanza. Nimemupita.

Lazima nimusaidie. Muntu wa kipaji kama kile hapaswi kuanza uzembe. Nimeanza kutunga ukurasa wa juma ijayo, wa mashauri: namna ya kupanga juma, kusoma, kutunza afya na kutuma kwa wakati, kwa ajili ya wenzetu wanaochelewa. Jina lake sitalitaja, ni adabu.

Jioni nilimupitia, nikamweleza mupango wote. Akacheka mpaka akaweka bidoni chini. Nikamuomba aje kesho baada ya kukamua, na telefone yake ikiwa imejaa bateri, mimi niseme na yeye aandike, kwa sababu vidole vyangu bado. Amesema atakuja.