Kalamu Kumi na Moja na Daftari Safi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwandishi. Nimetoa cherehani ya mke wangu kwenye chumba cha uani, nikaingiza meza, taa, kalamu kumi na moja, chupa mbili za wino, rula ya chuma na daftari la jalada gumu linalonukia kama gari jipya. Miaka ishirini nawachomelea watu mageti. Hakuna aliyewahi kuniuliza kichwani nina nini. Sasa watajua.

Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza vyote hivyo vya nini. Nikamweleza kwamba Jumamosi maktaba ya mtaa ina usomaji wa hadithi, kila mtu asome alichoandika mwenyewe, na kaka yake ataenda. Huyo shemeji ni mwalimu. Tangu nimeoa kwao ananiita "fundi" kwa sauti ya mtu anayemfukuza paka.

Akasema sawa, ila nisisahau kwamba mama yake anahamia kwetu Jumapili, na chumba hicho ndicho alichoahidiwa. Nilikuwa nimesahau. Tukapatana hivi: nikisimama Jumamosi nikasoma kitu changu, chumba ni changu na mama mkwe atalala na watoto. Nikishindwa, natoka na meza yangu.

Nimekubali upesi. Ukurasa mmoja ni kitu gani? Geti la milango miwili namaliza kwa siku mbili, pamoja na rangi.

Haya nayaandika jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, naandika nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani ya duka la rangi, kwa kalamu waliyonipa bure. Vifaa vizuri si vya kuchezea.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mezani tangu alasiri mpaka taa za barabarani zikawaka. Sijaandika neno. Kalamu ya kwanza inakwaruza. Ya pili inavuja. Ya tatu inateleza vizuri kabisa, lakini wino wake ni wa bluu, na sijajua kama hadithi yangu ni ya bluu.

Halafu ule ukurasa wa kwanza. Mweupe mno. Ukiuharibu, umeharibu daftari zima.

Sielewi. Kwenye geti, ukishakuwa na nondo, bawaba na rangi, kilichobaki ni kazi tu. Hapa vifaa vyote viko mezani na geti silioni.

Nikarudi duka nililonunulia daftari kulalamika kwamba lina kasoro. Dada muuzaji akauliza nimeandika kurasa ngapi. Nikamwambia bado. Akanitazama kidogo, kisha akaniuzia karatasi ya kunyonya wino. Nadhani ndiyo iliyokuwa imepungua.

Lazima nishinde. Mara ya mwisho mama mkwe alikuja kwa wiki moja. Kalenda hii ninayoiandikia nyuma ilikuwa mpya ukutani siku aliyoingia; alipoondoka ilikuwa imeshashushwa. Anajua habari za kila mtu, na husimulia hadi usingizini. Binti yake amerithi hiyo sauti ya usiku. Mke wangu akikoroma, jirani hudhani umeme umekatika nimewasha jenereta.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa shemeji nikijifanya nakagua bawaba za geti lake. Nimemkuta anaandika nyuma ya karatasi za mtihani wa wanafunzi, kwa penseli fupi kama kidole gumba, iliyochongwa kwa kisu cha jikoni. Akasema yeye huandika kabla nyumba haijaamka, wala hainui kichwa mpaka aitwe chai.

"Na wewe unaandika, fundi?" akauliza. "Risiti?"

Nikacheka kwa meno tu. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye ile penseli. Mtu mwenye mshahara haandikii kipande cha namna ile bure. Kuna kitu anakijua.

Nikatoa kalamu yangu ya wino yenye kifuniko cha kijani, ile nzuri kuliko zote, nikasema nampa zawadi, naye anipe penseli yake iwe kumbukumbu kati yetu. Nilijiandaa kwa mabishano. Akanipa hapohapo, na ufutio juu.

Nyumbani nimeipima. Sentimita nne na nusu. Ndani kuna risasi ya kawaida. Au ndivyo inavyotaka ionekane.

Balaa lingine: daftari lina alama ya gumba langu, grisi tupu. Roho imeniuma. Nitalifunika kama tulivyofunika madaftari shuleni, kwa karatasi hizi hizi za kalenda nilizochafua tangu Jumatatu. Picha ya kopo la rangi nje, maandishi ndani. Ni takataka, lakini karatasi yake ni nene.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka kabla ya nyumba, nimeshika penseli ya shemeji. Kwenye karatasi ya majaribio nikaandika: Palikuwa na mtu. Nikafuta. Nikaandika: Mtu alikuwapo. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Ni mtu gani huyu na anataka nini kwangu?

Baada ya hapo mkono ukaanza kwenda wenyewe. Nikauachia. Nilipotazama, ulikuwa umechora geti. Geti zuri, lenye duara tatu juu.

Mke wangu akaleta chai, akauliza kama hiyo ndiyo hadithi. Nikamwambia ni mwanzo wake. Akasema angalau mwizi hawezi kuuruka.

Jioni akapigiwa simu na kaka yake. Anashukuru sana kwa kalamu, inateleza kama mafuta, ameshamaliza hadithi mbili. Mbili, kwa kalamu yangu! Basi ilikuwa kalamu, si penseli. Au ilikuwa penseli, ikamzoesha. Nimempigia kuomba turudishiane. Akasema ameshaizoea.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amefika leo badala ya Jumapili, na godoro lake. Amelitandika kwenye kizingiti cha ofisi yangu, akaniambia nisimjali, niandike tu.

Mimi nilikuwa ndani. Sikuweza kutoka bila kumruka mama mkwe, jambo ambalo mtu na akili zake hafanyi. Nikasikiliza habari za binamu aliyeuza shamba mara mbili, na za yule aliyelinunua mara zote mbili. Alipopumua, akauliza mkwe wake anaandika nini. Nikasema ni siri hadi kesho. Akasema basi kesho atakuja kusikiliza.

Daftari bado jeupe. Chumba kinaniponyoka nikiwa nimekikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alisoma kabla yangu, habari za mwalimu mwenye busara. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kalamu yangu ilikuwa mfukoni mwake, kifuniko kinameta.

Nikaitwa. Nikafungua daftari. Jeupe. Nikafunua ukurasa wa pili, labda kuna kilichojiandika chenyewe. Mkutubi akauliza kwa upole kama nimesahau miwani. Mke wangu akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu kidogo sana, maana hakuinua kichwa tena.

Jasho la mkono likalegeza lile funiko la kalenda. Likafunuka. Nikaona mwandiko wangu. Hapakuwa na kingine cha kusoma. Nikalivua daftari nguo mbele za watu, nikaanza: Leo nimekuwa mwandishi.

Wakacheka. Nikawaambia hili ni jambo zito, lina chumba ndani yake. Wakazidi. Kwenye jenereta, mke wangu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitetemeka. Kwenye kalenda, mama mkwe alicheka mpaka akashika kiti cha mbele, na mzee aliyekikalia. Kwenye penseli, shemeji akajipapasa mfukoni, akatoa macho.

Nilipomaliza walisimama. Mkutubi akaziomba zile karatasi azitundike ukutani karibu na mlango. Shemeji akanipa mkono, akasema: "Shemeji, ungeniomba tu." Shemeji. Hakusema fundi. Nikatumia nafasi hiyo kudai kalamu. Amekataa.

Sielewi wamecheka nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitisha kikao cha familia. Hoja yangu fupi: nilisimama, nikasoma, kitu changu, chumba changu.

Mama mkwe akasema kweli kabisa, mkwe wake ameshinda, na yeye si mtu wa kudhulumu. Ila amesikia kwa masikio yake, mbele ya maktaba nzima, kwamba kazi ile iliandikwa jikoni juu ya ndoo, na kwamba chumbani halikutoka hata neno. Ushahidi ni wa mwenyewe. Kuninyang'anya ndoo ndiyo ingekuwa dhuluma. Ndoo hawataigusa.

Mke wangu alikuwa ameshatoa meza nje. Kura mbili kwa moja.

Jumatatu, 10 Machi

Usiku kucha nimepiga hesabu, na kosa nimeliona. Kalamu kumi na moja, nikatoa moja, zikabaki kumi. Nilikwenda vitani nikiwa pungufu. Asubuhi nimenunua mbili, na daftari jipya la jalada gumu, jekundu safari hii. Yule dada muuzaji amenikaribisha kiti.

Nitachomelea kibanda nyuma ya tangi la maji, mabati juu, meza ndani. Kikiisha, naanza kuandika kweli. Mkutubi amepiga simu kuuliza kama nitakuwa na kitu usomaji ujao. Nimemuuliza mtu ataandikaje na hana pa kukaa.

Mama mkwe amepita hapa jikoni sasa hivi, amesimama kando ya ndoo yangu, anauliza naandika nini, nimsomee kidogo. Nimemwambia siandiki. Hizi ni za kufunikia daftari.