Kapasita Nane Juu ya Meza ya Fundi Cherehani

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mnaojifanya mnayo! Haya nisimuliayo ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe, ulimi wangu na ukauke.

Wiki tatu nzima mimi, Simba wa Wastaafu, niliiteka meza ya kukatia vitambaa ya mke wangu, fundi cherehani, nikaizingira juu yake amplifaya yangu ya hedifoni. Kwa chuma cha moto niling'oa kapasita nane za kiwandani, vijipipa vya kutunzia umeme visivyozidi punje ya hindi, nikatawaza mahali pao nane nyingine za bei ya mbuzi. Moshi ukatanda, kidole kikaungua, meza ikapata kovu, sikurudi nyuma.

"Sasa," nikanguruma, "namsikia mwimbaji mpaka akimeza mate!"

"Mimi nikikuita kutoka jikoni husikii," akajibu mke wangu, "mate ya mtu ndiyo unayasikia?"

Akatangaza vita. Kaka yake, shemeji yangu, alete amplifaya yake, pacha wa yangu, ambayo haijaguswa. Mimi nifungwe macho. Yeye mwenyewe, mke wangu, ahamishe waya wa hedifoni kutoka moja hadi nyingine. Nikizitambua, meza ni yangu daima. Nikishindwa, meza irudi, nami nimpindie kwa mkono sketi thelathini za sare alizozichelewesha kwa ajili yangu.

Nikafungwa kitambaa. Mara kumi waya ukachomolewa, mara kumi ukachomekwa.

"Hii yangu! Besi inatoka ardhini!"

"Hii ya shemeji, maskini, inaimbia ndani ya sufuria!"

Sikusita hata mara moja. Na zote kumi, enyi vizazi vijavyo, nilizipati—

"Mzee, andika vizuri." Sauti hiyo imetoka nyuma ya bega langu, sasa hivi. "Mara zote kumi nilichomeka kwenye ya kaka. Yako sikuigusa."

"Nilikuwa naelekea huko, mke wangu."

"Elekea kwenye sindano."

Basi na ijulikane kwamba haya nayaandikia magotini, maana meza imerudi kwa mwenyewe. Lakini na ijulikane pia kwamba leo, kabla ya adhuhuri, pindo la sketi ya saba, lililofumuliwa mara nne, hatimaye lilinyooka. Mke wangu alilinyanyua dirishani, akalikagua, akasema, "Haya, hii inavalika."

Wanahistoria, iandikeni siku hii. Zimebaki ishirini na tatu.