Mirihi Ilivyonituma Kudai Mashine ya Kahawa

Leo nimeaibika hadi kuku wa baba mkubwa wamenionea huruma. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla binamu zangu hawajatia chumvi.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa "sawa". Ukiniomba jembe, sawa. Ukilirudisha bila mpini, sawa. Ugonjwa huu niliupata utotoni. Siku moja kwenye chakula cha ukoo niliomba firigisi ya kuku, ambayo ni ya wazee. Ukoo mzima ulicheka, na baba mkubwa akaniita Bwana Firigisi mpaka nikaota ndevu. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa, baba mkubwa huyohuyo aliazima mashine yangu ya kumenyea kahawa msimu uliopita na hajairudisha. Jana tumechuma kahawa mbivu, imejaa magunia uani, na isipomenywa leo inachacha. Siku hizi wanunuzi binafsi wanapishana hapa Mbinga, kila mmoja na bei yake, lakini wote wana pua. Kahawa iliyochacha hawaigusi, na hiyo ndiyo karo ya binti yangu.

Asubuhi nikafungua simu. Kuna mama mmoja mnajimu namfuatilia (msiniulize tangu lini). Kaandika kwamba wenye nyota ya Simba, sayari ya Mirihi imeingia kwenu leo, na kidonda cha kunyamazishwa utotoni kinafunguka ili kipone. Akaweka na masharti: dai haki yako ukiwa umesimama, usianze kwa kujishusha, na usile wala kunywa cha unayemdai mpaka akupe jibu.

Mimi ni wa mwezi wa nane. Simba kamili! Nikavaa shati la kanisani, nikasukuma toroli mpaka kwa baba mkubwa.

Nilisahau kitu kimoja. Leo ni Jumapili, na Jumapili baada ya misa ukoo wetu hukusanyika kwake kwenye sengu, tunakula pamoja na kusemezana. Walikuwepo wote: shangazi, binamu, na mama yangu mzazi kwenye mkeka. Mtu mwenye akili angegeuza toroli. Mimi nilikuwa na Mirihi.

Nikasimama mbele ya baba mkubwa. Shikamoo sikutoa (kujishusha huko). Akanitazama, akaniuliza kama nimeamka salama. Shangazi akaniletea kigoda, nikakataa. Akaleta maji ya kunawa, nikakataa. Akaniwekea ugali na maharage, nikasema, "Hapa sili."

Ndugu zangu, kwetu mtu hakatai chakula cha mzee mbele za watu. Ukikataa, umesema kina dawa. Binamu mmoja aliyekuwa na tonge mkononi alilirudisha kwenye sahani polepole. Shangazi akaanza kulia, anasali, anauliza kaka yake kamroga nani. Niliona ninachofanya, na miguu ilitaka kuondoka. Lakini niliikumbuka kahawa uani.

"Baba mkubwa," nikasema, "sijaja na uchawi. Nataka mashine yangu. Leo. Sisemi sawa tena. Na lile jina la Firigisi liliniumiza, sikulipenda hata siku moja."

Baba mkubwa akafuta mdomo, akaniuliza nani kanituma kusimama juu yake kama askari wa mgambo.

Ningeweza kudanganya. Nikasema ukweli: nyota yangu, Simba, maana nimezaliwa mwezi wa nane.

Mama akaweka sahani chini. "Mwezi wa nane ulibatizwa," akasema. "Nilikuzaa wakati wa kupanda mahindi, mwezi wa kumi na mbili umeanza tu. Barabara ya kigangoni ilikuwa tope, padre hakufika mpaka kiangazi. Tukaandikisha siku ya ubatizo."

Binamu yangu, yule anayeendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, akatoa simu haraka kuliko anavyokata kona. Akatafuta nyota yangu halisi, Mshale, akawasomea kwa sauti ya msoma somo kanisani: wiki hii Mshale afunge mdomo, hasa mbele ya wakubwa, na asikatae chakula.

Walicheka mpaka shangazi aliyekuwa analia akalazimika kushikiliwa. Mama yangu alicheka hadi machozi. Mimi nikakaa kwenye kigoda nilichokikataa, nikanawa, nikala. (Maharage yalikuwa matamu, ndiyo aibu yenyewe.)

Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alisubiri nimalize kula, akaniambia taratibu, "Mashine ipo nyuma ya nyumba, ibebe. Nilijua huihitaji, maana hukusema. Na lile jina, mwanangu, unisamehe."

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanisaidia mwenyewe kuipandisha kwenye toroli.

Ninaandika hivi kahawa imeshamenywa, mikono inanata utelezi. Kumbe niliyoyasema yote niliyasema bila sayari yoyote. Chekeni, nimewapa ruhusa. Ila wewe shemeji uliyechukua baiskeli yangu, najua umesoma mpaka hapa. Kesho nakuja kwako, na safari hii nakula kwanza.