Muuza Makohozi Safi

Mtaani walimwita Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumchagua. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta wa zahanati, akingoja riziki ikosee njia, alipoona jambo ambalo wenzake walilipita kila siku. Watu walikuwa wakitoka na vikopo vya plastiki, wamevifumbata kama walioiba mayai.

Akamuuliza fundi viatu aliyekaa hapo pembeni.

"Kiwanda cha biskuti kinaajiri," fundi akasema, uzi mdomoni. "Bila karatasi ya kupima kifua kikuu hawakuchukui. Unapewa kikopo, unalala nacho, asubuhi unakohoa ndani yake, unarudisha."

"Unakohoa nyumbani? Peke yako?"

"Ulitaka wakupigie ngoma?"

Mheshimiwa akatazama juu kwa shukrani. Kikopo kinacholala nje ya zahanati ni mtoto asiye na baba. Yeyote anaweza kusema ni wake.

Kesho yake biashara ikafunguliwa, ng'ambo ya barabara. Tusimseme vibaya. Huyu bwana alikwisha kuuza viwanja ambavyo wenyewe walikuwa bado wamelala ndani, na dawa ya mende iliyowanenepesha mende. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliuza bidhaa halali ya jasho lake, au tuseme ya kifua chake. Makohozi safi, ya alfajiri, ya ukoo ambao, kwa maelezo yake, haujapiga chafya tangu enzi za babu. Na mali ilikuja yenyewe. Akiinama tu, vikopo vitatu vimejaa. Ni kweli mkanda ulikuwa umetobolewa tundu la tatu, na shuka lake kila akiamka lilikuwa la kukamua. Lakini kazi hukondesha, na jasho ni dalili ya mtu anayejituma.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mpishi, kikopo ndani ya mkoba.

"Mama, kifua chako unakiamini?"

"Kimekaa na moshi wa kuni miaka ishirini, baba. Nitakiamini vipi? Na jikoni kiwandani nafasi ni moja tu. Karatasi mwisho Ijumaa."

"Basi usibahatishe. Kubahatisha ni kwa vijana."

Mama akalipa. Woga ni mteja asiyeomba apunguziwe.

Alhamisi akarudi. Mheshimiwa aliuona mwendo ule kwa mbali, akaanza kutafuta uchochoro. Lakini mama alikuwa anatabasamu, na mtu anayedai chake hatabasamu.

"Majibu yametoka," mama akasema. "Eti nina kifua kikuu."

"Pole sana, mama yangu."

"Dereva uliyemuuzia, naye anacho. Na yule binti wa cherehani. Nesi akashangaa, akatuweka benchini, tukakohoa upya mbele ya macho yake. Safari hii mashine ikasema hatuna kitu. Sasa karatasi yangu haitoki mpaka aelewe."

"Mashine mbovu hiyo."

"Nami nilisema hivyohivyo," akajibu mama, upesi kidogo. "Ila watu wana midomo. Wanasema mali yako chafu. Fundi viatu naye kaanza kuuza ya kwake. Foleni huioni?"

Mheshimiwa akageuka. Kweli, watu watano walikuwa wamesimama mbele ya fundi, kila mmoja kwa mguu mmoja, wakingoja viatu. Lakini jicho la wivu halihesabu miguu.

"Yule? Kile kifua kimejaa gundi."

"Basi nenda ukateme mbele ya nesi. Ukitoka safi, itajulikana mashine ni mbovu. Mimi nitapata karatasi, wewe utapata soko la kiwanda kizima."

Mtu anaweza kudanganya maisha yake yote na bado akakasirika siku anaposingiziwa. Mheshimiwa akavuka barabara akiwa ametanguliza kifua, mama nyuma yake. Akampokonya nesi kikopo, akakohoa kwa fahari ya fundi anayeonyesha kazi yake, akakaa chini ya dirisha lililo wazi, barakoa usoni, akingoja kuombwa radhi.

Baada ya saa mbili nesi akatoka.

"Unacho."

"Sista, mashine yenu…"

"Mashine imesema jambo moja mara nne juu ya makohozi yako. Ila leo ndiyo imemwambia mwenyewe."

Akageuka, akagonga muhuri kwenye karatasi ya mama mpishi. Mama akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

"Mama," Mheshimiwa akasema polepole, "umeniingiza mjini."

"Ningekwambia unaumwa, baba, saa hizi ungekuwa wapi?"

Mheshimiwa akapiga hesabu kimoyomoyo. Saa hizi angekuwa mji wa pili, akiuza kitu kingine, akikohoa. Mama akaondoka kuwahi kiwandani.

Nesi akamwaga vidonge kwenye kifuniko, vikubwa, rangi ya matofali. "Dawa ni bure. Miezi sita, kila siku, mbele yangu. Ukikatiza, ugonjwa unarudi na ubishi mkubwa kuliko wako."

Mheshimiwa akavitazama vile vidonge. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti ile iliyowahi kuuza viwanja.

"Sista, tuseme, mfano tu. Akipatikana mtu mwaminifu, kijana mwenye koo pana, hawezi akavimeza kwa niaba yangu?"

Nesi akamsogezea glasi ya maji.

"Meza," akasema, "halafu uinue ulimi nione."