Spika Nne na Bata Mzinga Mmoja

Jumatatu, 20 Novemba

Krrk. Nimeamka na sauti hiyo na bado iko sikioni. Jana kwaya niliyoirekodi kwa sauti yangu mwenyewe ilikuwa inapanda kwenye noti ya juu kabisa ya wimbo wangu, ile iliyonitesa kiangazi kizima, mara krrk! Spika zote nne za sebuleni zikakata. Kisha zikarudi kama vile hazijafanya kitu.

Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani, siku ya kula bata mzinga. Shangazi Borghild, dada wa marehemu baba, anakuja kula. Ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa letu hapa Duluth. Ameahidi kuusikiliza wimbo mara moja tu, kabla ya chakula, maana akishashiba husinzia. Akiupenda, utaimbwa Krismasi. Asipoupenda, utarudi kwenye droo, na mimi pamoja nao.

Nimempata mhalifu. Mama alipasha kahawa: krrk. Akatoa kikombe: wimbo ukarudi. Spika hizi hazina waya, zinapokea wimbo kutoka simu yangu kwa mawimbi ya redio, na maikrowevu inapiga kelele kwenye mawimbi hayohayo. Nikamwomba Mama anywe kahawa ikiwa moto, au asinywe. Alisema amekuwa akipasha kikombe kilekile kutwa nzima tangu sijazaliwa, na hataacha kwa ajili ya noti.

Jumanne, 21 Novemba

Nimelegeza plagi ya maikrowevu na kumwambia Mama imekufa. Ushindi!

Ulidumu hadi mchana. Mama alimpigia Curtis, mume wa dada yangu Maren. Curtis hajawahi kusikia kitu kimeharibika asifurahi. Alileta maikrowevu ya zamani kutoka gereji yake, kubwa kama kabati, mlango umeshikiliwa kwa utepe wa gundi. Sasa spika hazikati tu, zinakoroma.

Curtis alisimama katikati ya sebule, mikono mifukoni, akasikiliza.

"Shemeji," akasema, "hawa malaika wako wana mafua."

Mama alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akaenda kupasha iliyobaki.

Simpendi Curtis. Nimejichunguza kwa uaminifu kama ni wivu. Si wivu.

Jumatano, 22 Novemba

Mama amekubali kutogusa maikrowevu wimbo ukiwa unalia, mradi nioshe vyombo vyote vya sikukuu. Nimekubali. Nililala mchana, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nimeamka nikamkuta Curtis jikoni na kipimajoto kipya cha bata mzinga, maana kesho mpishi ni yeye. Sindano inachomwa kwenye nyama, waya unatoka nje ya oveni hadi kwenye kisanduku, na kisanduku kinatuma joto kwenye simu yake. Alijigamba kwamba hatafungua oveni hata mara moja. Atakaa atazame mpira, bata mzinga atamwita mwenyewe.

Kwa mawimbi! Saa zote!

Nilimwuliza kama hawezi kuchungulia oveni kama watu wengine. Akaniuliza kama siwezi kupiga piano kama watu wengine. Maren akamwambia aniache, lakini alisema hivyo huku akicheka.

Alhamisi, 23 Novemba

Foili, ile karatasi ya alumini ya kufunikia nyama, huzuia mawimbi. Hiyo ni fizikia. Curtis alipotoka kuondoa theluji mlangoni, nilikizungushia kile kisanduku foili tabaka tatu, nikakificha nyuma ya mkebe wa unga.

Simu yake ikaganda kwenye namba ileile.

"Bado mbichi," akatangaza, na kupandisha moto. Baadaye: "Bata gani mbishi hivi!" Akapandisha tena. Macho yangu yalikuwa kwa Shangazi, jinsi anavyovua glavu, anavyokaa, anavyofumba macho. Nikabonyeza simu, wimbo ukaanza.

Safi! Hakuna mkwaruzo! Sauti zote nne ni zangu, nilizirekodi moja moja, na sasa zilikuwa zinapanda pamoja kuelekea noti ile. 

King'ora cha moshi kikalia.

Tulisimama nje kwenye theluji, Shangazi akiwa na glavu moja. Curtis alitoka na bata mweusi kama tairi mkono huu, na kisanduku mkono huu. Alitutazama wote kwa zamu.

"Shemeji, foili anavishwa bata. Umemvisha kipimajoto."

Tumekula viazi. Mama alinisukumia vyombo vyote.

Wakati wa kuondoka Shangazi aliniita kwenye gari lake. Alisema amesikia nusu ya wimbo, na nusu hiyo si mbaya hata kidogo. Jumapili, kabla ya ibada, nimpelekee karatasi za wimbo kanisani. Piano ipo. Nimwimbie mwenyewe. "Na mtambo usiniletee, binti yangu. Hata mmoja."

Jumapili, 26 Novemba

Nimetafakari sana. Piano haitoshi. Mdomo mmoja utaimbaje sauti nne? Shangazi anahitaji kusikia wimbo, sio mimi.

Na kosa langu nimeliona. Nilipigana na kifaa kimoja kimoja. Kanisa lina maikrofoni ya mchungaji, vifaa vya masikioni vya wazee, mtambo wa kurusha ibada kwa wagonjwa majumbani, na maikrowevu mbili za kamati ya chai. Spika za Mama ninazo kwenye begi. Zina betri.

Gari la Shangazi linaingia. Waumini wanafuata, nje kuna baridi ya kukata masikio. Nimeshashuka chini ya jengo na kuzima swichi kuu ya umeme, tanuri la kupasha kanisa joto likanyamaza pamoja na vingine vyote, nimeufunga mlango wa huko chini, na ufunguo wake uko mfukoni mwangu.