Baiskeli ya Marehemu Mjomba

Nauli ilipopanda mara ya tatu mwaka huo huo, watu wa Mowlem, mtaa wa Nairobi, walifanya mambo mawili. Wengi walilalamika. Wachache walinunua baiskeli. Patrobas Mulongo hakulalamika wala hakununua. Alisimama kando ya barabara akiwatazama hao wachache wakielekea Industrial Area, makarani kwa vibarua, wengine na tai, wengine na malapa, vichwa wazi, wamekalia viti vigumu kama benchi la kituo cha polisi. Moyo wake ukajaa huruma. Mulongo alikuwa mtu wa huruma sana. Kila alipomwona mtu akiteseka, alijiuliza anateseka kwa faida ya nani.

Wiki mbili baadaye alikuwa na kibanda na bango: MULONGO, MSHAURI WA WAENDESHA BAISKELI. KAZINI NA MAZOEZINI. Ndani ya kibanda hicho, nakwambia kwa sababu wewe si mteja, hapakuwa na kitu halali. Helmeti zilichongwa kutoka kwa lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, kisha zikapakwa rangi. Kaptula za mazoezi zilishonewa sponji ya godoro, na siku ya mvua mteja alifika kazini akiwa amekalia lita mbili za maji. Taa za nyuma zilitoka kwenye mti wa Krismasi. Zilimetameta vizuri, na mbili kati yazo ziliimba.

Vitu halali vilikuwa mwilini mwa Mulongo mwenyewe. Baiskeli aliyoiendesha ilikuwa ya mashindano kwelikweli, nyepesi hata ungeiinua kwa vidole viwili. Helmeti halisi, miwani halisi, glavu, jezi, na viatu vile vinavyonasa kwenye pedali. Alivinunua kwa akiba ya miaka minne, enzi alipofanya kazi ya uaminifu, kosa ambalo hakulirudia tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoano yake: mteja aliviona vimemkaa, akavitamani, akalipa, akafungiwa binamu zao wa povu. Bila vitu hivyo, Mulongo alikuwa kijana mwenye kibanda cha takataka, basi. Naye alijua. Ndiyo maana kila jioni aliibeba baiskeli yake mpaka orofa ya tano na kuiegemeza kando ya kitanda kama mgonjwa.

Jumanne moja, mnamo saa nne asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu alisimama mbele ya kibanda akisukuma baiskeli kuukuu. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, ile ya mageti. Mwenyewe alivaa leso kiunoni na fulana ya kwaya.

"Habari yako, mwanangu. Wewe ndiye mshauri?"

"Ndiye mimi, mathe. Karibu sana. Nikuandike nani?"

"Perez Aoko. Nafanya kazi kiwanda cha sabuni. Nataka niwe naendesha kwenda kazini, na Jumamosi nifanye mazoezi, kwa sababu daktari ameniambia mambo ya presha. Sasa nianze kununua nini?"

Mulongo aliizunguka baiskeli mara mbili akifyonza meno.

"Nikwambie ukweli, mathe, ama nikufurahishe?"

"Niambie ukweli. Wa kunifurahisha nilimwacha nyumbani."

"Hii si baiskeli, hii ni kesi. Breki zimechoka. Tairi nyembamba hivi, shimo la kwanza unalala. Kiti kiko juu, utafika kazini magoti yakiomba likizo. Na helmeti huna. Kichwa hakina spea, mathe."

"Haya, basi ikague vizuri. Mimi nina unga wangu pale posho mill. Narudi."

Hata kuinama Mulongo hakuwa ameinama. Bwana mmoja mwenye suti na kitambulisho cha kazi shingoni alikuwa akipita. Alisimama ghafla, akaitazama ile baiskeli kama mtu aliyemwona mtoto wake aliyepotea. Akapiga magoti mavumbini na suti yake yote. Chini ya bomba, mahali rangi ilipobambuka, zilionekana herufi chache: LANDI.

"Kijana, hii ni yako?"

"Ni ya familia," Mulongo alisema. Hakutaja familia gani.

"Unajua ni nini?" Yule bwana alishusha sauti. "Bellandi. Chuma cha Italia, cha miaka ya sabini. Toa hii rangi ya geti uone kama matajiri wa Karen hawatalia machozi. Mimi huzikusanya. Naitwa Opiyo, niko reli. Ijumaa nakuletea laki mbili mkononi. Lakini usiikwaruze, usiioshe, na usimwonyeshe mtu."

Akamwachia namba ya simu, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Perez aliporudi na mfuko wa unga, alimkuta mshauri akitabasamu kama mchungaji siku ya mavuno.

"Mathe, nimekuhurumia. Huo mzigo nauchukua mimi. Elfu tano."

"Hauuzwi."

"Kumi. Kwa sababu umenikumbusha mama."

"Mwanangu, hata ungesema milioni. Hii ni ya marehemu mjomba wangu. Kwetu chombo cha marehemu hakiuzwi. Ukikiuza, anarudi kukiulizia."

Hapa naomba tusimame kidogo. Mulongo ni mtu wa Bungoma, na Perez alisema ni wa pande za Siaya. Katika ploti za kupanga za Eastlands, Mluhya na Mjaluo watataniana kuhusu kuku na samaki mpaka mwenye nyumba awafukuze wote, lakini mambo ya marehemu hayaulizwi maswali. Jirani akikwambia kwao matanga ni siku saba, unasema pole. Akikwambia lazima apatikane ng'ombe, unauliza tu ng'ombe wa rangi gani. Hiyo ndiyo adabu ya ujirani, na Mulongo, pamoja na dhambi zake zote, alilelewa vizuri.

"Sasa mila inasemaje, mathe? Inafunga kabisa?"

"Inafungua mlango mmoja. Unaweza kubadilishana, kwa chombo cha aina yake chenye jasho la mtu aliye hai. Hapo marehemu anajua kimepata mwenyewe, hakikwenda dukani." Perez alizitazama helmeti za povu kwa masikitiko. "Hizi zako ni nzuri, lakini hazina jasho."

Mulongo alipiga hesabu. Laki mbili zingemrudishia kila kitu, tena kipya, na chenji ya kuhamia orofa ya kwanza.

"Basi chukua baiskeli yangu. Jasho limejaa."

"Asante. Na helmeti?"

"Helmeti inaingiaje?"

"Mjomba alikuwa mtu wa kofia."

Akavua helmeti.

"Miwani pia. Macho yalimsumbua sana mwishoni."

Akavua miwani. Glavu zikafuata, kwa sababu mjomba alikuwa na mikono, kisha jezi, kwa sababu mjomba hakutembea kifua wazi.

"Viatu hapana, mathe. Hivi ni namba arobaini na tatu. Wewe huwezi kuzidi thelathini na nane."

"Nitavaa soksi mbili."

Akavua viatu. Mkono wake ulipofika kiunoni, Perez aligeuza uso.

"Kaptula baki nayo. Sisi ni watu wa kanisa."

Kisha yule mgonjwa wa presha aliivaa helmeti, akapima vidole viwili juu ya nyusi, akakaza kamba ya kidevu, akashusha kiti, akabinya tairi kwa dole gumba, akaondoka bila kuyumba hata kidogo, unga mgongoni. Mtu mwingine angejiuliza yote hayo ameyajulia wapi. Mulongo alikuwa akijiuliza aanze kupiga simu saa ngapi.

Ijumaa alipiga tangu asubuhi. Mteja wa namba hiyo hakupatikana. Alipiga mpaka yule dada wa kwenye simu akaanza kusikika kama anamjua. Wateja wa kweli walikuja wakakuta mshauri amevaa singlendi na malapa, wakamtazama, wakatazama bango, wakaendelea na safari. Siku tatu hakuuza hata kengele.

Jumamosi asubuhi alivunja mwiko, akasugua zile herufi. L ikabaki kwenye kidole chake. Ilikuwa stika. Chini yake hapakuwa na Italia. Palikuwa na bomba la maji lililochomelewa na fundi wa madirisha.

Alikuwa bado anaitazama ile L aliposikia mvumo wa magurudumu. Wanawake sita walikuja kwa mstari mmoja, wakasimama mbele ya kibanda. Wa mbele alikuwa Perez juu ya baiskeli ya Mulongo. Nyuma yake mwanamke mrefu, Triza Nabiswa, alikuwa amevaa viatu namba arobaini na tatu, navyo vilimkaa sawasawa.

"Umeamkaje, mshauri?" Perez alisema. "Tumekuja kuchukua baiskeli."

"Ya nani?"

"Ya chama chetu cha akina mama. Zamu inayofuata ni ya mwenzetu Amondi, na bado hana vifaa."

Mulongo aliutazama mstari wote. Ile miwani ya machungwa ilikuwa ya Oketch, mjanja wa Kayole. Zile glavu nyekundu alizijua, za jamaa fulani wa Eastleigh aliyeacha biashara bila kueleza sababu. Kila mwanamke alikuwa amevaa mjanja mmoja.

"Nawapeleka polisi."

"Twende, tena tukupe lifti. Utaandikisha nini? Kwamba ulijua baiskeli ni ya laki mbili, ukamwambia mwenyewe ni mzigo wa elfu tano?"

Mulongo aliipangusa ile L kwenye kaptula.

"Na ile mila?"

"Ya jasho? Ni ya hapa Mowlem. Tuliitunga Jumapili moja baada ya ibada. Triza alitaka tuweke na mbuzi, tukasema hiyo sasa ni tamaa."

Mulongo alitaka kukasirika, lakini ilikuwa kama fundi kukasirikia kabati lililoundwa vizuri.

"Na Opiyo?"

"Ni mume wangu. Kazi imempeleka Kisumu Alhamisi, tumebaki bila mnunuzi." Perez alimpima kwa macho kutoka malapani mpaka kichwani. "Una suti?"



"Niko na ya harusi ya kaka yangu," alisema Mulongo. "Ni nani anayefuata?"

"Odero wa Umoja. Anauza breki za mbao."

"Na mimi napata?"

"Odero akivuliwa, unarudishiwa helmeti. Wa pili, miwani. Baiskeli tutaiweka kwenye maombi."

"Viatu sahau," Triza alisema.

Mulongo akapiga magoti mavumbini mbele ya lile bomba, akaligusa kwa upole, akainua uso wenye tabasamu pana la biashara.

"Kijana, hii ni yako?"

"Hapana, mwanangu," Perez akamkatiza. "Anayetabasamu ni muuzaji. Wewe leo unanunua."

Mulongo akafuta tabasamu, akainuka, akapiga magoti upya.