Mjukuu wa Emil Wendelin

Rüdiger Hassloch alishuka kwenye treni mjini Ettenbruch kwa sababu ya mvua, na akabaki kwa sababu ya masikio yake. Alikuwa amekaa kwenye mkahawa mkabala na stesheni, soksi zimelowa, akisubiri treni ya saa nane. Kwenye meza ya jirani wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu sauti ya mlango wa gari.

"Mlango wa Wendelin ukiufunga," alisema wa kwanza, "unasikia kama padri amefunga Biblia kubwa ya madhabahuni."

"Biblia gani? Ule unafunga kama kabati la bibi yangu. Polepole, halafu basi. Hakuna mjadala."

"Wewe hukuwahi kupanda Wendelin."

"Nilizaliwa ndani ya Wendelin, Alois. Muulize mama yangu, yuko pale makaburini."

Rüdiger aliweka kikombe chini. Katika maisha yake alikuwa ameuza nyumba za ufukweni zisizo na ufuko, na dawa ya kuotesha nywele ambayo ilipaka rangi tu ngozi ya kichwa. Alijua kutambua mahali penye riziki. Watu hawa walikuwa wanazungumzia kampuni iliyokufa mwaka 1958 kama wengine wanavyomzungumzia marehemu mama yao. Na marehemu akipendwa hivyo, ndugu yake akitokea mlangoni hawezi kukosa kiti.

Treni ya saa nane iliondoka bila yeye.

Sisi wa Ettenbruch hatuna haja ya kuambiwa habari za Wendelin, lakini Rüdiger alihitaji, kwa hiyo alikwenda kwenye jumba la makumbusho. Liko kwenye kituo cha zamani cha zimamoto. Pale alisoma kwamba Balthasar Wendelin, mtoto wa mfua kengele, alianza kutengeneza magari mwaka 1911. Alitengeneza ya aina moja na ya rangi moja, kijani iliyokolea, na aliamini gari likiharibika njiani ni fundi ndiye aliyetukanwa. Kampuni ilikufa kwa ugonjwa wa ajabu: magari yake hayakufa. Aliyenunua moja hakuwahi kurudi kununua la pili.

Katikati ya chumba lilisimama gari lenyewe la kwanza, ambalo wafanyakazi walilibatiza jina la Shangazi. Taa za shaba, matairi membamba, viti vya ngozi.

Ukuta wa nyuma haukuwa na picha za magari. Ulikuwa na majina arobaini na matatu: Jadwiga, Oleksandra, Hanna, na wengine, wasichana walioletwa kwa nguvu kutoka Poland na Ukraine wakati wa vita, wakafanyishwa kazi kiwandani wakiwa nyuma ya seng'enge. Paa lilikuwa linavuja hasa juu ya ukuta huo. Ndoo mbili ziliwekwa chini, na herufi za safu ya juu zilikuwa zimeanza kufifia.

Rüdiger aliupita ukuta ule haraka. Alichokitafuta alikiona kwenye kona, kwenye kibao kidogo: *Emil, mwana mdogo wa Balthasar, aligombana na baba yake akahamia Argentina mwaka 1937. Hakuna aliyepata habari zake tena.*

Alikisoma mara tatu. Kisha akatoa kitambaa na kuanza kujifuta macho, taratibu, akihakikisha mtu anamwona.

Mtu huyo alikuwa Bi Irmtraud Fessler, mwenye miaka themanini na minne, mlinzi, mfagiaji na mkurugenzi wa jumba lile. Alikuwa karani wa mwisho wa Mzee Balthasar, akiwa binti wa miaka kumi na saba.

"Kuna nini, bwana?"

"Samahani, mama. Ni jina la babu yangu tu." Rüdiger alipiga ukutani kwa kidole. "Mimi naitwa Raimundo. Raimundo Wendelin."

Bi Irmtraud alivaa miwani, akamtazama kutoka upande mmoja, akazunguka akamtazama kutoka upande wa pili.

"Masikio," alisema mwishowe, na sauti ikamtetemeka. "Mungu wangu. Masikio ya Emil."

Rüdiger alikuwa ametunga mengi maishani lakini hakuwahi kufikiria masikio. Alimkumbatia yule bibi kwa shukrani ya kweli kabisa.

Habari zikaenea mjini kabla duka la mkate halijafungwa. Jumapili hiyo Raimundo alipewa chakula cha mchana na Bwana Nägele, mwenye kiwanda cha soseji, na jioni akanywa mvinyo kwa Daktari Zeyer, daktari wa meno mwenye nyumba juu ya kilima. Kote alisema jambo moja, tena kwa kunong'ona. Kampuni inafufuka. Wawekezaji wako tayari kule Buenos Aires. Mwanzo yatatengenezwa magari kumi na mawili tu, kwa mkono, kijani.

"Na gari namba moja?" aliuliza Nägele, akijifanya anatafuta haradali.

"Namba moja ni ya mtu wa heshima, mzee wangu. Nilikuwa namfikiria Daktari Zeyer."

"Zeyer? Yule anaendesha gari la umeme."

"Ndiyo maana ninasitasita."

"Sikiliza, kijana. Mtu akitanguliza euro elfu kumi leo?"

"Basi nitasita kwa upande wako. Lakini naomba, tusimwambie mtu. Watu wana wivu."

"Nitamwambia nani?" alisema Nägele. "Huyo Zeyer nataka nimwone uso wake siku nitakapompita nikipiga honi."

Kwa muda wa siku nne Rüdiger aliuza namba moja mara tano. Wote watano walimwomba afiche, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu siri za watu. Ijumaa alikuwa na bahasha tano za elfu kumi kila moja ndani ya begi na ratiba ya treni mfukoni.

Kabla ya kuondoka alipita kumuaga Bi Irmtraud. Mjanja mzuri haagi, hiyo ni kweli, lakini bibi alikuwa amemwokea keki ya matunda ya plamu, na Rüdiger alikuwa na udhaifu kwenye plamu.

Bibi alimkatia kipande kikubwa, akaenda jikoni kuleta krimu. Juu ya meza aliacha barua. Rüdiger hakuwahi katika maisha yake kuipita barua ya mtu bila kuisoma. Ilitoka Zürich, kwa mkusanyaji wa magari ya zamani, na ilisema kwamba bei yake kwa Shangazi bado ni ileile: faranga laki tisa.

Bi Irmtraud alirudi na krimu. "Umeona barua, mwanangu? Hao Waswisi hawachoki. Nawaambia kila mwaka, Shangazi si wangu. Mzee aliacha wosia: litakuwa la ukoo wa Emil. Basi sasa ni lako."

"Langu," alisema Rüdiger. Aliweka uma chini.

"Lakini jumba limelitunza miaka sitini na kitu. Siwezi kuwaambia wajumbe wa bodi nimelitoa bure. Ungetoa kitu kidogo kwa ajili ya paa. Unaona lilivyo." Alionyesha ndoo. "Nimewaomba akina Nägele miaka tisa. Wanasema watatoa siku nitakapoubandua huo ukuta. Eti napaka matope jina la gari zuri. Nikawaambia, paa lenyewe nalitaka kwa ajili ya ukuta."

"Kitu kidogo kama kiasi gani?"

"Elfu hamsini."

Rüdiger aliomba ruhusa ya kwenda msalani, na huko akaipigia simu namba iliyokuwa kwenye barua. Mwanamke mwenye lafudhi nzito ya Kiswisi alijibu, akathibitisha kila kitu, akauliza bwana anadhani Shangazi atafika lini, maana tajiri anasafiri Jumatatu. Rüdiger alikaa juu ya kifuniko cha choo akafanya hesabu ambayo hata mtoto angeiweza. Elfu hamsini za watu wengine, kwa laki tisa zake mwenyewe.

Aliporudi aliziweka bahasha tano mezani, na karatasi ilikuwa imeshachapwa. Bi Irmtraud alikuwa karani. Karatasi zake zilikuwa daima zimeshachapwa.

"Sainia hapa, na hapa. Halafu, mwanangu, hizi fedha zimetoka kwa nani? Lazima niandike majina kwenye risiti, ndiyo sheria ya michango."

Rüdiger, ambaye wakati huo roho yake ilikuwa tayari iko Zürich, alimtajia majina matano bila kufikiri. Bibi aliyaandika kwa mwandiko mzuri na kuuliza kama Nägele ana nukta mbili juu ya herufi ya kwanza au ya pili. Rüdiger alisaini palipoonyeshwa. Hakusoma. Mtu aliyeandika mikataba mingi kiasi kile ya kuwapumbaza wengine angepaswa kujua.

Asubuhi ya Jumamosi Fundi Kniep alilisukuma Shangazi nje, akamwonyesha wapi pa kukanyaga na wapi pa kuvuta, na Rüdiger akaondoka akiwapungia mkono watu kama mfalme anayekwenda kutawazwa. Gari lilikwenda polepole na kwa mngurumo mkubwa. Lakini lilikuwa la 1911, hakutegemea liruke. Baiskeli tatu zilimpita, na mama mmoja anayekimbia kwa afya. Mpaka wa Uswisi uko kilomita ishirini na nane kutoka kwetu. Alitumia muda wa saa mbili na nusu.

Afisa forodha alikuwa mtu mnene aitwaye Gmür. Alimwona kutoka mbali, akatoka kibandani akiwa na sandwichi mkononi.

"Habari za asubuhi. Unaelekea Zürich?"

"Ndiyo, afande. Gari la ukoo. La babu yangu."

"Emil," alisema Gmür.

Rüdiger aliachia usukani.

"Kwa hisani yako, zima injini. Ahsante. Wewe ni wa tatu." Gmür alikula kipande cha sandwichi bila haraka. "Wa kwanza alikuja 2009, yule alilipia madirisha. Wa pili alilipia mfumo wa kupasha joto. Wewe umelipia nini?"

"Paa," alisema Rüdiger kwa sauti ndogo.

"Paa. Vizuri, lilikuwa linavuja vibaya." Gmür aliinua boneti. "Njoo uone. Hii ni injini ya trekta. Shangazi wa kweli aliyeyushwa wakati wa vita, wakatengenezea makombora. Hili Kniep na wenzake walilijenga mwaka sabini na tisa kwa ajili ya maandamano ya kanivali."

"Lakini kuna wosia. Emil—"

"Emil hakuwahi kuzaliwa, bwana. Bi Irmtraud alimwandika ukutani baada ya tapeli mmoja kuja kujifanya mtaalamu, akaondoka na taa za mbele. Alisema, wakija wengine afadhali waje kwa mlango anaoujua."

Rüdiger alitoa simu yake mfukoni. "Na yule mwanamke wa Zürich?"

"Hedwig, dada yake. Yuko kwenye nyumba ya wazee Schaffhausen. Anapenda sana simu." Gmür alinyoosha mkono. "Nionyeshe karatasi yako."

Aliisoma kwa sauti, maana aliona mwenzake hajaisoma. Ilisema kwamba Bwana Raimundo Wendelin ametoa mchango wa hiari kwa ajili ya paa, kwa niaba ya marafiki watano wa makumbusho, na kwamba kama shukrani ameruhusiwa kuendesha gari la kanivali kwa siku moja. Linatakiwa kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, likiwa safi.

"Ningekuwa wewe ningelirudisha," alisema Gmür. "Lakini nadhani kuna watu watano huko ambao hutaki kuwaona. Acha ufunguo. Kniep atakuja na trela. Basi linapita pale kwenye mti, saa sita kasoro robo."

Rüdiger alisimama kituoni dakika arobaini akicheka peke yake, kisha akiacha kucheka, kisha akicheka tena. Dereva wa basi aliyemchukua anasema abiria huyo alikuwa anatikisa kichwa na kurudia neno moja tu, "Masikio." Hatujamwona tangu siku hiyo.

Wale watano walikuja Jumatatu, kila mmoja kwa mlango wake na kwa siri yake, wakakutana wote mbele ya meza ya Bi Irmtraud.

"Yuko wapi huyo Raimundo?" aliuliza Nägele. "Amechukua fedha zangu za namba moja."

"Namba moja ni yangu," alisema Daktari Zeyer.

Walitazamana. Wale watatu wengine walianza kutazama viatu vyao.

Bi Irmtraud aliwapa kila mmoja risiti yake, yenye muhuri. "Raimundo ameondoka. Lakini alinieleza yote, jinsi mlivyochanga kimyakimya kwa ajili ya paa, bila kutaka sifa. Nililia. Mkienda polisi kusema mlitapeliwa, nitasikitika, na itabidi waandike nani aliahidiwa nini, na gazeti nalo litataka kujua. Mkikaa na hizi risiti, mtapunguziwa kodi. Keki?"

Nägele aliikunja risiti mara nne. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua biashara iliyokwisha inafananaje. Alikula vipande viwili.

Paa jipya lilikamilika Septemba. Herufi za ukuta wa nyuma zilipakwa upya, zote, na chini kabisa Bi Irmtraud aliongeza mstari wa majina ya waliolipia. Siku ya kufungua Nägele alikuja na mke wake na wajukuu kuhakikisha kwamba nukta zake mbili zimekaa mahali pake. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya ukuta ule. Alianza kutafuta jina lake juu, kwa sababu hapo ndipo alipozoea kulikuta, akashuka kwa kidole, jina kwa jina, Jadwiga, Oleksandra, Hanna, mdomo ukimchezacheza. Mjukuu wake akamuuliza hao ni akina nani. Ilibidi amjibu, na majibu yalikuwa marefu, na keki ikaisha kabla hajafika kwenye jina lake.